Kabla Mtaro Haujafukiwa

Hotuba kwa waendelezaji, wakandarasi na mafundi wa makazi mapya

Waheshimiwa waendelezaji wa makazi, wahandisi, wakandarasi, na nyinyi mafundi wenzangu mliojibanza nyuma kana kwamba mmekuja kusindikiza watu: habari za asubuhi, na asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya kuvuta gesi kwenye makazi mapya, yaani bomba kuu linalopita barabarani na laini inayochepuka hapo kuingia kila nyumba. Mambo mawili matatu nitayakalia, mengine nitayapita mbio. Nikiruka la kwenu, nibaneni wakati wa maswali.

Kuna kipande cha bomba hapa. Mzee wangu uliye mbele, kishike, ukimaliza mpe jirani. Ni plastiki ya njano, kipenyo chake cha nje ni milimita 63, na ukuta wake una unene wa milimita 5.8. Gawanyeni 63 kwa 5.8, mtapata karibu 11. Ndiyo maana ubavuni kumeandikwa SDR 11. Namba hiyo ikiwa ndogo, ukuta ni mnene. Ikiwa kubwa, ukuta ni mwembamba. Mtu akiwashushia saiti bomba la SDR 17 wakati ramani inadai 11, ukiwa umesimama juu ya mtaro huwezi kuona tofauti. Inabidi uiname usome. Sasa pitisheni ukucha kwenye ule mkwaruzo niliouchora kwa msumari. Mkwaruzo ukizidi sehemu moja ya kumi ya unene wa ukuta, na kwa bomba hili ni kitu cha nusu milimita tu, kipande hicho hakizikwi. Kinakatwa, kinatupwa. Nimeona watu wakiburuta roli zima la bomba juu ya kokoto, halafu wanashangaa nikikataa kulipokea.

Plastiki yenyewe ni polietilini. Ilipatikana kwa bahati mwaka 1933 huko Uingereza, kwenye maabara ya kampuni ya ICI, pale Eric Fawcett na Reginald Gibson walipokuwa wakiibana ethilini kwa presha kubwa mno na wakakuta chomboni kitu cheupe kama nta. Kabla yake mabomba mengi ya gesi ya mijini yalikuwa ya chuma cha kusubu, tangu enzi London ilipoanza kuwasha taa za gesi barabarani mwanzoni mwa karne ya 19. Chuma kinaliwa na kutu, na viungo vyake hulegea kadiri magari mazito yanavyopita juu. Polietilini haijui kutu. Inapinda kona bila kulalamika, na laini ya nyumba inaweza kutoka kwenye roli moja bila kiungo hata kimoja katikati. Ila ina tabia zake, na tabia hizo ndizo zinazowashinda watu.

Jambo lililonileta hapa ni hili. Kazi yetu ni kazi inayofukiwa. Rangi ya ukuta ikikosewa, mwenye nyumba ataiona siku anayokabidhiwa funguo. Kigae kikikaa upande, atawapigia simu kabla ya jua kuzama. Kiungo kibovu cha bomba hakuna atakayekiona. Kitakaa chini ya lami na maua miaka mitano, kumi, kikisubiri. Kwa hiyo chochote tunachotaka kiwe sawa, lazima kiwe sawa na kionwe na macho ya mtu mwingine kabla udongo haujarudi. Na katika ratiba nyingi za ujenzi ninazoletewa, muda huo haumo.

Haumo kwa sababu tunaitwa mwisho. Mmeshagawa viwanja, mmeshamwaga lami, maji yamepita, umeme umepita, nyaya za intaneti zimepita, ndipo mtu anakumbuka: jamani, na gesi? Tunafika tunakuta tumebakishiwa kiupenyo cha upana wa koleo, kati ya kebo ya umeme na msingi wa uzio. Kila huduma inahitaji nafasi yake kutoka kwa mwenzake, na gesi kuliko zote, maana fundi wa umeme atakayerudi kuchimba miaka kumi ijayo asikutane na bomba letu mahali asipolitarajia. Halafu kuna mtu wa bustani. Simlaumu, kazi yake ni kupendezesha mtaa, lakini safu ya miti anayoichora pembezoni mwa barabara ndiko haswa tunakotaka kupita, na mizizi haisomi ramani.

Tuiteni mkiwa bado mnachora viwanja. Tutawauliza mambo machache: nyumba ni ngapi, kila nyumba itatumia gesi kwa kupikia tu au na maji moto na kupasha joto vyumba, awamu ya kwanza inaishia wapi, na kama kuna awamu ya pili mnayoiota hata kama hamjaitangaza. Hilo la mwisho watu hulificha. Sijui kwa nini. Sisi si waandishi wa habari.

Nieleze kwa nini tunalitaka. Mashine kubwa ya kupasha maji na vyumba, ya kilowati 30 hivi, ikiwaka kwa nguvu zote hula karibu mita za ujazo 3 za gesi asilia kwa saa. Nyumba 100 zenye mashine hizo, kwa hesabu ya dukani, ni karibu mita za ujazo 300 kwa saa. Lakini hakuna siku ambayo nyumba 100 zinawasha kila kitu dakika ileile. Mmoja anaoga, mwingine amesafiri, wa tatu kalala. Kwa hiyo tunapunguza, na nyumba zikiwa nyingi tunapunguza zaidi. Zile mbili tatu za mwisho wa barabara, hapana. Hao wanaweza kuamka wote kwa pamoja, na bomba lao lazima liwatoshe wote kwa pamoja.

Sasa oneni utamu wa hesabu yenyewe. Mkiongeza kipenyo cha bomba mara mbili, gesi inayoweza kupita bila kupoteza presha zaidi haiongezeki mara mbili. Inaongezeka zaidi ya mara tano. Mtaro ni uleule, vibarua ni walewale, lami itakayorudishwa ni ileile. Kinachobadilika ni bei ya plastiki. Mkitwambia leo kwamba upande wa pili wa kilima mtajenga nyumba 80, tutapanda saizi moja, tutaacha kichwa cha bomba chenye koki na kifuniko kwenye mpaka wa awamu, na siku ikifika hakuna barabara itakayopasuliwa. Msipotwambia, tutarudi na mashine ya kukata lami mbele ya watu mliokwisha kuwauzia nyumba zenye utulivu.

Tena presha yenyewe inayofika nyumbani ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye bomba kuu inaweza kuwa kubwa, lakini inapitia kidhibiti presha, na jikoni kwa kawaida inafika kama milibari 20. Chukueni ndoo, tieni maji ya kina cha sentimita 20, mguse kitako chake. Uzito huo wa maji ndio presha yote inayosukuma moto wa jiko. Ukishaipoteza njiani kwenye bomba jembamba na kona nyingi, hakuna pa kuiokota.

Tuingie mtaroni. Hapa ndipo nitakapokalia.

Viungo vya polietilini havikazwi kwa spana wala havipakwi gundi. Vinayeyushwa. Kwa mabomba makubwa tunaweka bamba la moto katikati ya ncha mbili, nyuzi 200 na zaidi, tunaliondoa, tunazibana ncha zikaoana. Kwa madogo, na hasa kwa laini za nyumba, tunatumia soketi yenye waya uliozungushwa ndani yake. Unaingiza bomba pande zote mbili, unachomeka mashine, umeme unapita kwenye waya, plastiki ya soketi na ya bomba zinayeyuka na kuwa kitu kimoja. Mashine inasoma alama za mistari kwenye soketi, inajua yenyewe ipeleke umeme kiasi gani na kwa sekunde ngapi. Ndipo mtu akaniambia siku moja: basi hata mtoto anaweza.

Hawezi. Kazi iko kabla na baada ya kubonyeza kitufe. Bomba lililokaa hewani linaota ngozi nyembamba, isiyoonekana kwa jicho, iliyoharibiwa na hewa na jua. Ngozi hiyo ikibaki, plastiki itayeyuka vizuri tu, itapoa vizuri tu, na kiungo kitashika kama vidole viwili vilivyopakwa mafuta. Kwa hiyo tunaikwangua, kiasi cha sehemu mbili za kumi za milimita. Fundi mzuri huchora mistari ya kalamu kuzunguka sehemu yote itakayoingia kwenye soketi, halafu anakwangua mpaka mistari yote itoweke. Ikibaki hata nukta ya wino, hapo hapajakwanguliwa. Na hatumii msasa, maana msasa unaisugua ngozi na kuisambaza badala ya kuivua. Akishamaliza hagusi kwa kidole, hata akitaka kuonyesha. Vidole vya fundi vina mafuta, jasho na mchanga wa asubuhi yote.

Kisha vibano. Bomba lililotoka kwenye roli lina kumbukumbu, linataka kurudi kwenye duara lake. Likijivuta wakati plastiki bado ni uji, kiungo kinafunguka kwa ndani huku nje kikionekana kizima. Vibano vinalishika lisicheze, na vinakaa mpaka dakika za kupoa zilizoandikwa kwenye soketi ziishe. Soketi ina vijipini viwili vinavyochomoza plastiki ikiyeyuka. Mafundi wengi vijana wakiona pini zimechomoza wanafurahi. Pini zinasema plastiki iliyeyuka na kutanuka. Hazisemi kama ulikwangua.

Niwaambie kisa changu, na mhusika ni mimi. Nilikuwa kijana, lori la mchanga limesimama juu ya kichwa changu, dereva anapiga honi, msimamizi anatazama saa. Soketi ilikuwa imeandikwa dakika kumi. Nilitoa vibano kwa dakika nne. Hakuna aliyeona, tukafukia. Siku ya kupima tukajaza hewa, tukasoma kipimo alasiri, tukarudi alfajiri: presha imeshuka. Msimamizi akasema ni ubaridi wa usiku, na alikuwa na hoja, kwa sababu hewa iliyofungwa bombani ikipoa kwa nyuzi 10, presha yake kamili hushuka kama asilimia 3 bila tundu lolote. Tukasubiri jua lipande, joto likarudi kama la jana. Presha haikurudi. Kwenye kipande kile kulikuwa na viungo 14. Tulifukua kimoja kimoja, tunapaka povu la sabuni, tunatazama. Mimi nilikuwa najua ni cha ngapi tangu sindano iliposhuka, na sikusema mpaka tulipofika cha sita. Aibu ile ninayo mpaka leo, na ndiyo inayofanya nisimame nyuma ya mafundi wangu na saa ya mkononi hata wakinichukia.

Jambo jingine la tabia ya plastiki hii ni kwamba inatanuka na kusinyaa sana. Mita moja hubadilika kwa karibu milimita 0.2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Inaonekana si kitu, lakini lazeni mita 100 juani, mlikate na kuliunga hapohapo, halafu udongo ulipooze kwa nyuzi 20: bomba linataka kufupika kwa karibu sentimita 40. Zitatoka wapi? Zitavuta viungo. Kwa hiyo tunalilaza mtaroni likiwa limelegea kidogo kama nyoka, tunaliacha lipoe, ndipo tunafunga ncha za mwisho. Mkitukuta tumekaa kivulini tunatazama bomba, si uvivu. Mara nyingi si uvivu.

Kuchepua laini ya nyumba kutoka kwenye bomba kuu ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa sababu inafanyika gesi ikiwa ndani na majirani hawazimiwi chochote. Tunayeyushia tandiko mgongoni mwa bomba kuu, tandiko lenye shingo, na ndani ya shingo mna kikataji cha kuzungusha. Tunaunga laini ya nyumba kwanza, tunaipima, ndipo tunazungusha kikataji kishuke kitoboe. Kile kidonge cha plastiki kilichokatwa kinabaki kimeng'ang'ania ndani ya kikataji, hakidondoki bombani. Tunarudisha juu, tunafunga kifuniko. Penye tandiko hapo mnaweza pia kuagiza vali ndogo inayojifunga yenyewe gesi ikitoka kwa kasi isiyo ya kawaida, kwa mfano kijiko cha mashine ya kuchimba kikiikata laini. Marekani wameiweka kwenye kanuni kwa nyumba mpya. Haizuii mvujo mdogo, msije mkaitegemea kwa hilo.

Kina cha kufukia kila nchi ina kanuni yake, fuateni ya kwenu. Chini ya bomba na juu yake uwekwe mchanga laini usio na mawe, ushindiliwe kwa matabaka. Kwa kuwa plastiki haionekani na mashine za kutafuta vyuma, tunalaza waya wa shaba pamoja na bomba, na juu zaidi utepe wa tahadhari, ili jembe likutane na utepe kabla ya bomba. Utepe ulalao juu ya bomba lenyewe haumuonyi mtu yeyote. Nimeuona hivyo mara nyingi mno.

Tunapofika ukutani, plastiki inaishia. Haivumilii moto wala jua la miaka, kwa hiyo kinachopanda juu ya ardhi na kuingia ndani ni chuma, au plastiki iliyofichwa ndani ya kisanduku kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Bomba halipiti chini ya sakafu ya nyumba kama kuna njia nyingine. Linapotoboa ukuta linapita ndani ya ala, yaani bomba la nje la kulikinga, na ala inazibwa. Hapa nina ombi kwa ndugu zangu wa umeme na intaneti: zibeni na zenu. Gesi ikivuja barabarani chini ya lami haina pa kupandia. Inatambaa kutafuta njia rahisi, na njia rahisi kuliko zote ni lile bomba tupu la nyaya linaloingia moja kwa moja sebuleni. Nyumba inaweza kujaa gesi wakati haijawahi kuunganishiwa gesi.

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, nyepesi kuliko hewa, inapanda. Makazi yenu yakitumia LPG, ile gesi ya mitungi, kutoka tangi la pamoja, propani iliyomo ina uzito wa mara moja na nusu wa hewa, inatuama kwenye mashimo na vyumba vya chini. Matundu ya hewa yanakaa tofauti, na mchoro wa moja haufai kwa nyingine.

Kuhusu kupima na kujaza gesi, nitakuwa mfupi, nikisisitiza moja tu. Methani inawaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya mchanganyiko wake na hewa. Bomba jipya lina hewa tupu. Mwishoni litakuwa na gesi tupu. Katikati ya hapo, lazima lipite kwenye asilimia hizo. Kwa hiyo gesi inaingizwa kwa kasi iliyopangwa, inatolewa juu kwenye mlingoti mbali na watu, mtu kashika kipima gesi, na hakuna anayejibu simu karibu. Mwendelezaji anayetaka kupiga picha ya uzinduzi asimame nje ya kamba.

Harufu nayo si ya gesi, ni ya kuongezwa. Tarehe 18 Machi 1937 shule ya New London, Texas, ililipuka kwa gesi isiyo na harufu iliyokuwa imejikusanya chini ya sakafu, wakafa watu karibu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo Texas ikalazimisha gesi itiwe harufu, na wengine wakafuata.

Na tarehe 16 Mei 1968, jengo la Ronan Point mashariki mwa London, ghorofa 22, jipya, watu walikuwa wamehamia kwa miezi miwili tu. Mkazi wa ghorofa ya 18 akawasha kiberiti jikoni alfajiri. Kona nzima ya jengo ikaporomoka toka juu hadi chini, watu wanne wakafa. Uchunguzi ulifika kwenye nati ya shaba iliyounga mpira wa jiko, nati isiyofikia kiwango. Mkandarasi wa barabara, mkandarasi wa bomba kuu, wa mita, wote wangeweza kuwa wamefanya kazi yao sawasawa. Kwa hiyo ninaposema mkague kabla ya kufukia, simaanishi bomba letu la barabarani peke yake. Namaanisha mpaka nyuma ya jiko.

Kuna swali naona mtu ananuna nalo, ngoja nilijibu kabla hajauliza: je, tuvute gesi kabisa, au tujenge za umeme mtupu? Uholanzi tangu Julai 2018 nyumba mpya haziunganishiwi gesi kwa kawaida. Mimi ninakula kwa bomba, lakini nitawaambia ukweli: kama mtaa wenu ni wa nyumba chache zilizotawanyika, na kila moja itatumia gesi kwa kupikia tu, fanyeni hesabu mara mbili. Mita nyingi za mtaro kwa moto kidogo. Kama ni nyumba zilizobanana zenye haja ya maji moto na joto, mazungumzo ni mengine.

Basi. Pale nje kwenye meza ya kushoto nimeweka mashine, kikwangulio, kalamu na soketi sita. Kila kundi litaunga kiungo kimoja, likisubiri dakika zake zote, halafu tutakipasua kwa msumeno tuone ndani. Kimoja nimekiunga mwenyewe jana bila kukwangua na sikukiwekea alama. Anayedhani atakitambua kwa nje, aje aanze yeye.